Ernst Degner na injini ya Zschopau: ni nini hasa kilichovuka mpaka mwaka 1961

Jumapili ya tarehe 17 Septemba 1961, mjini Kristianstad nchini Sweden, Ernst Degner alianza mbio za pikipiki za cc 125 akiwa anaongoza msimamo wa ubingwa wa dunia. Mbio zikiwa bado changa, injini ya pikipiki yake ya MZ, kiwanda cha Ujerumani Mashariki, ikafa. Kabla wakuu wa timu hawajang'amua kinachoendelea, Degner alikuwa ameshaondoka zake, akipitia Denmark kuelekea Ujerumani Magharibi, ambako mkewe na watoto wao wawili walikuwa wamevushwa mpaka mwisho wa juma huohuo wakiwa wamefichwa ndani ya buti ya gari. Hakuiendesha MZ tena. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia, safari hii akiwa juu ya Suzuki ya Japani, kampuni ambayo hadi wakati huo haikuwa imeshinda hata mbio moja ya ubingwa huo.

Kisa hiki kimesimuliwa kwa miaka zaidi ya sitini kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wasemao kwamba Degner alikuwa msaliti aliyechukua siri za mhandisi wa MZ aliyemkuza, Walter Kaaden, akaziuza kwa Wajapani. Wapo pia wasemao kwamba alikuwa mtu aliyeikimbia nchi iliyowafungia raia wake ndani ya ukuta, na kwamba kilichomo kichwani mwa mtu hakiwezi kuwa mali ya kiwanda. Kila upande una ukweli wake, lakini naona pande zote mbili huruka jambo la msingi, nalo ni kuielewa kwanza hiyo siri yenyewe: ilikuwa nini, ilitoka wapi, na ni sehemu yake ipi iliyoweza kubebwa na mtu mmoja.

Degner alizaliwa tarehe 22 Septemba 1931 huko Gleiwitz, mji wa Silesia ya Juu ambao leo ni Gliwice ya Poland. Vita vilipokwisha na mipaka kuchorwa upya, familia yake ilikuwa miongoni mwa Wajerumani waliohamia magharibi, ikaishia Luckau, katika eneo lililokuwa chini ya jeshi la Kisovieti na baadaye likawa Ujerumani Mashariki. Alisomea ufundi Potsdam, na hukohuko akajiunga na klabu ya pikipiki. Jambo hilo lina uzito katika habari hii, kwa kuwa ndipo alipofahamiana na Daniel Zimmermann, fundi aliyekuwa amejitengenezea injini ya mashindano ya cc 125 yenye kifaa ambacho baadaye kilikuja kuwa moyo wa MZ. Kwa hiyo Degner alipochukuliwa na kiwanda cha MZ mwaka 1956, katika mji mdogo wa Zschopau huko Saxony, hakufika pale kama mwendeshaji peke yake. Alikuwa mtu awezaye kuifungua injini, kuitazama, na kueleza kwa nini imefanya ilivyofanya. Wendeshaji hodari walikuwapo wengi enzi hizo; wenye uwezo huo wa pili walikuwa wachache mno, na huo ndio uliokuja kununuliwa.

Injini waliyoishughulikia Zschopau ni ya mapigo mawili. Yeyote aliyewahi kumwona mvuvi akichanganya oili ndani ya petroli kabla ya kuwasha mashine ya boti, au fundi akifanya hivyo kwa msumeno wa kukatia miti, ameiona injini ya ukoo huohuo. Oili huchanganywa na petroli kwa sababu chumba cha chini, kile inamokaa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), hakiwezi kuhifadhi oili yake chenyewe, kwani kina kazi nyingine: hutumika kama pampu. Pistoni inapopanda, huubana mchanganyiko ulio juu yake ndani ya silinda na papo hapo huvuta mchanganyiko mpya kuingia chumba cha chini. Inaposhuka baada ya mlipuko, huufungulia moshi tundu la kutokea, kisha huusukuma ule mchanganyiko mpya kutoka chini kwenda juu kupitia njia zilizochimbwa ubavuni mwa silinda. Hivyo injini hii hupata mlipuko kila krenki inapokamilisha mzunguko mmoja, ilhali injini ya mapigo manne, kama zilizomo katika magari yetu mengi, hupata mlipuko mmoja kwa kila mizunguko miwili.

Kwa hesabu ya karatasini, basi, injini ya mapigo mawili ingepaswa kutoa nguvu maradufu. Haikuwa hivyo, na sababu yake ni rahisi kuiona: tundu la kutokea moshi na njia za kuingilia mchanganyiko mpya huwa wazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo sehemu kubwa ya petroli mpya hutoka pamoja na moshi kabla haijaungua. Ni kama kujaza ndoo yenye tundu. Kwa miaka mingi wahandisi wengi wa mashindano waliiona injini hii kuwa ya vyombo vya bei nafuu tu, isiyofaa kuwania ubingwa. Kaaden, aliyezaliwa mwaka 1919 na ambaye wakati wa vita alifanya kazi Peenemünde, kituo cha Wajerumani cha utafiti wa makombora, aliichukua kasoro hiyo kama suala la mawimbi ya hewa.

Moshi unapofyatuka kutoka kwenye silinda, hutanguliwa na wimbi la mgandamizo linalokwenda kwa kasi ya sauti ndani ya bomba la ekzosi. Bomba likiwa linapanuka taratibu kama tarumbeta, wimbi hilo hurudisha nyuma mvuto, na mvuto huo husaidia kufyonza moshi wote na kuvuta mchanganyiko mpya. Ikiwa mbele zaidi bomba hilohilo linasinyaa tena, sehemu ya kusinyaa hurudisha wimbi la pili, safari hii la kusukuma, ambalo likifika kwa wakati wake huukuta mchanganyiko mpya umeshaanza kutoroka na kuurudisha ndani ya silinda sekunde ndogo sana kabla tundu halijafungwa na pistoni. Ndoo yenye tundu imezibwa, na kilichoiziba ni hewa. Ugumu uko katika wakati: urefu wa bomba, mwinuko wa kupanuka na mwinuko wa kusinyaa lazima vilingane na kasi ya injini, na kosa la sentimeta chache hulifanya wimbi lifike mapema au lichelewe.

Hilo lilikuwa jambo la kwanza kati ya matatu. La pili lilikuwa kile kifaa cha Zimmermann, yaani kisahani chembamba cha chuma chenye pengo lililokatwa upande mmoja, kinachozunguka pamoja na krenki na kufungua njia ya kabureta kwa wakati uliochaguliwa na mhandisi. Katika injini za kawaida za aina hii, njia hiyo ilifunguliwa na kufungwa na pistoni yenyewe, kwa hiyo muda wa kufunguka kabla ya pistoni kufika juu ulilazimika kuwa sawa na muda wa kubaki wazi baada yake. Kisahani kiliuondoa ulazima huo. La tatu lilikuwa njia ya ziada ya kuingilia, iliyotobolewa upande unaoelekeana na tundu la moshi, ambayo iliongeza mchanganyiko na wakati huohuo kupitisha petroli baridi chini ya kichwa cha pistoni, mahali palipokuwa pakiungua mara kwa mara. Kufikia mwaka 1961 injini ya MZ ya cc 125 ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa kila lita moja ya ujazo, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa na injini yoyote isiyosukumiwa hewa kwa pampu ya nje.

Mtu akiyatazama mambo hayo matatu kwa haki, ataona kwamba wala hayakuzaliwa yote katika kichwa cha Kaaden. Kisahani kilitoka kwa Zimmermann. Ekzosi ya kupanuka na kusinyaa ilikuwa imeshajaribiwa na Erich Wolf katika pikipiki za DKW za Ujerumani Magharibi. Ukubwa wa Kaaden, ambao simwoni mwingine wa kulinganishwa naye katika fani hiyo, ulikuwa katika kupima. Alitumia osiloskopu kuyaona mawimbi ndani ya bomba, akajaribu, akakata, akachomelea upya, miaka nenda miaka rudi, hadi mambo yaliyokuwa kila moja mahali pake yakawa yanasaidiana. Siri ya MZ, basi, haikuwa wazo. Bomba la ekzosi lilikuwa nje ya pikipiki, likionekana na kila aliyepita karibu na kambi ya mafundi. Siri ilikuwa vipimo: kimo cha kila tundu ndani ya silinda, nyuzi za kila mwinuko, aina ya chuma ya pistoni iliyostahimili joto, beringi isiyosagika zaidi ya mizunguko 10,000 kwa dakika.

Kiwanda chenyewe kilikuwa maskini. Honda ilifika mara ya kwanza mwaka 1959 katika mbio za Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, na ndani ya miaka miwili ilikuwa ikileta Ulaya kundi zima la pikipiki na wendeshaji wa kulipwa kutoka nchi mbalimbali, wakati Zschopau walikuwa wakifanya kazi katika nchi ambayo fedha yake haikununua kitu nje ya mipaka, na vifaa vizuri vilivyotengenezwa Magharibi vilipatikana kwa taabu. Hata hivyo walishinda. Horst Fügner aliipa MZ ushindi wa kwanza wa ubingwa wa dunia nchini Sweden mwaka 1958, katika cc 250. Degner akashinda Monza, Italia, mwaka 1959 na Ubelgiji mwaka 1960, zote katika cc 125. Msimu wa 1961 akawa mwiba halisi kwa Honda.

Makubaliano na Suzuki yalifanyika mwezi Juni mwaka huo, Isle of Man. Suzuki nayo ilitengeneza injini za mapigo mawili, lakini zake zilikuwa dhaifu: mwaka 1960 pikipiki yake iliyotangulia nyingine kisiwani humo ilimaliza ya 15, na mwaka 1961 za cc 125 hazikumaliza kabisa. Wajapani walitaka mtu wa kuwaeleza kosa lao. Degner alitaka malipo yanayolingana na kazi yake, pamoja na njia ya kuitoa familia yake, kwa kuwa kila alipotoka nje kushindana mke na watoto walibaki nyumbani kama dhamana ya kurudi kwake. Kiasi kinachotajwa mara nyingi ni pauni 10,000. Wiki chache baadaye, tarehe 13 Agosti, serikali ya Ujerumani Mashariki ikaanza kujenga ukuta wa Berlin, na mpango uliokuwa mgumu ukawa wa kuhatarisha maisha. Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Mtu anayekubali mkewe na wanawe wafungiwe ndani ya buti mbele ya askari wa mpakani, wiki tano baada ya ukuta kuanza kujengwa, hakuwa akifikiria pikipiki tu.

Hapa ndipo linapoingia suala la pointi, ambalo simulizi nyingi hulichanganya. Husemwa kwamba Degner alikuwa na ubingwa mkononi Kristianstad akautupa, na wakuu wa MZ walifika mbali zaidi, wakamshtaki kwamba aliiharibu injini makusudi, shutuma aliyoikana. Tuzifanye hesabu. Msimu ule wa cc 125 ulikuwa na mbio 11, lakini kila mwendeshaji alihesabiwa matokeo yake sita bora tu. Mshindi alipata pointi 8, wa pili 6, wa tatu 4, wa nne 3, wa tano 2 na wa sita 1. Degner alikwenda Sweden akiwa na ushindi mara tatu, yaani Hockenheim ya Ujerumani Magharibi, Sachsenring ya Ujerumani Mashariki na Monza, na nafasi ya pili mara tatu, katika Hispania, Ufaransa na Ulster ya Ireland ya Kaskazini. Hizo ni pointi 24 na 18, jumla 42. Nafasi ya nne aliyoipata Ubelgiji ilikuwa imekwisha kuachwa nje ya hesabu.

Maana yake ni kwamba nafasi ya pili Kristianstad isingemwongezea chochote, kwani ingechukua tu mahali pa nafasi ya pili nyingine. Ushindi pekee ndio ungemsaidia, nao ungemwongezea pointi mbili, afikie 44. Mpinzani wake, Tom Phillis wa Australia aliyeendesha Honda, alimaliza msimu akiwa na pointi 44 hizohizo baada ya kushinda mbio za mwisho Buenos Aires mwezi Oktoba. Kwa hiyo hata kama injini ingepona na Degner akashinda Sweden, Phillis angeweza kumfikia. Ubingwa uliamuliwa Argentina. Degner alijitahidi kupata pikipiki ya EMC kutoka Uingereza ili aende akashindane huko, lakini shirikisho la nchi aliyoikimbia lilimnyang'anya leseni, na siku ya mbio hakuwapo. Matokeo ya mwisho yakawa Phillis 44, Degner 42. Kama angepanga mstari Buenos Aires na kumaliza mbele ya Phillis, hesabu haina namna nyingine: angekuwa bingwa. Kilichomkosesha taji ni karatasi ya leseni zaidi ya injini ile ya Kristianstad.

Novemba 1961 alikuwa Hamamatsu, makao ya Suzuki, na majira yote ya baridi alifanya kazi na wahandisi wa kampuni hiyo. Injini ya cc 125 iliyotoka huko ilikuwa ya silinda moja, ikifanana mno na ya MZ, lakini matunda ya kwanza yalionekana katika injini ya cc 50, daraja lililoingizwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia mwaka 1962. Mwezi Juni Degner alirudi Isle of Man akashinda mbio za daraja hilo, mizunguko miwili ya zaidi ya kilomita 60 kila mmoja, kwa wastani wa takriban kilomita 120 kwa saa, kwa injini ambayo ujazo wake haufiki robo ya chupa ya soda. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Suzuki kisiwani. Wiki hiyohiyo, katika mbio nyingine kisiwani humo, Tom Phillis alianguka akafariki dunia. Degner akashinda pia Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani Magharibi, na mwisho wa msimu akawa bingwa, wa kwanza wa Suzuki na wa kwanza kabisa wa dunia kwa injini ya mapigo mawili.

Je, ulikuwa wizi? Kwa maoni yangu, Degner aliivunja imani ya Kaaden, na hakuna maelezo yanayoweza kulipunguza hilo. Vipimo alivyovipeleka Hamamatsu vilikuwa jasho la mwalimu wake, na Kaaden hakupata senti. Lakini neno wizi linadai kwamba aliyeibiwa abaki bila kitu, na hivyo sivyo ilivyokuwa. MZ ilibaki na injini yake yote. Mwaka 1963 Mike Hailwood aliazimwa MZ ya cc 250 akashinda palepale Sachsenring, na mwaka 1964 Alan Shepherd akashinda Daytona, Marekani. Kilichokosekana Zschopau kilikuwa fedha, vyuma bora na mwendeshaji wa daraja la Degner kwa msimu mzima. Suzuki, kwa upande wake, ilikuwa na fedha na viwanda, ikakosa ufunguo. Vipimo vile vile, vikipelekwa katika karakana maskini, vingezaa injini nyingine moja nzuri na basi. Hamamatsu vilizaa ubingwa wa cc 50 miaka mitatu mfululizo, 1962 hadi 1964, na wa cc 125 mwaka 1963 na 1965, taji hizo nne za baadaye zote zikienda kwa Hugh Anderson wa New Zealand. Kwa MZ, ng'ombe wa maskini hakuzaa: kiwanda kilichoufundisha ulimwengu hakikupata ubingwa wa dunia hata mmoja.

Degner mwenyewe alilipa kwa mwili. Novemba 1963, katika mbio za cc 250 kwenye uwanja wa Suzuka huko Japani, alianguka, petroli ikashika moto, akaungua vibaya, akapandikizwa ngozi mara nyingi. Alirudi mwaka uliofuata, akashinda cc 125 palepale Suzuka, na mwaka 1965 akashinda Daytona, Ubelgiji na Ulster kabla ya kuvunjika mguu Monza. Ushindi wake wa ubingwa wa dunia ukafikia 15. Aliacha mashindano mwishoni mwa mwaka 1966, na alifariki Tenerife tarehe 10 Septemba 1983, akiwa na umri wa miaka 51.

Kuanzia mwaka 1975 hadi 2001 kila bingwa wa cc 500, daraja kubwa kuliko yote, alishinda kwa injini ya mapigo mawili yenye ekzosi ya kupanuka na kusinyaa. Kaaden aliyaona mengi ya hayo, na alifariki mwaka 1996. Uwanja wa Suzuka, uliojengwa na Honda, una kona inayoitwa Degner hadi leo, mahali alipoanguka na Suzuki ya cc 50 mwezi Novemba 1962, katika mashindano ya kwanza yaliyofanyika hapo.